Mgonjwa wa Feri

Mambrui,
4 Agosti 1986

Ndugu yangu Tumu,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Kaltuma, ambaye yuko hapa mlangoni ananitazama niandike asije akasema sikukufikishia. Sisi hatujambo. Mbuzi wake amezaa pacha, basi hapana mazungumzo mengine nyumba hii. Binti yetu Shekha yuko kwa mumewe huko Marereni, na wiki iliyopita walituletea chumvi kikapu kizima, tutaila mpaka wajukuu wazaliwe, inshallah. Mimi niko na cherehani yangu kama unavyonijua. Watu wameanza kuleta vitambaa vya kanzu za Maulidi na dukani hapakaliki.

Tumu, nina haja nawe. Kuna jambo dogo la hospitali. Si ugonjwa wa kutisha, usianze kulia. Ni kitu cha kukatwa kidogo tu, unaingia asubuhi, jioni unarudi kwako. Nimechagua Mombasa, maana hapa Malindi kila mfunga vidonda ananijua na nimemshonea kanzu.

Nilikwenda mwezi uliopita, kimya kimya, hata Kaltuma nilimwambia nafuata nyuzi. Wakaniuliza, nani atakurudisha nyumbani? Nikasema jamaa yangu yuko nje ndani ya gari. Basi yule nesi akatoka kwenda kumtazama! Nje hapakuwa na gari wala jamaa, palikuwa na mtu anauza madafu. Akarudi, akaniambia, mzee, mtu aliyepigwa ganzi haachiwi aende kudandia mabasi. Njoo na mtu wako. Nikashika njia nikarudi na nyuzi, ili nisionekane mwongo.

Wewe uko hapo Kilifi, unauza mahamri na chai feri, na madereva wote wanakula kwako. Nitafutie gari la mtu msiri. Sikuambii ni kitu gani cha kukatwa, wala usiniulize.

Kaka yako,
Faki


Kilifi,
15 Agosti 1986

Kaka Faki,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na doa la mafuta ya cherehani, nikajua ni yako kabla sijafungua. Mimi mzima, magoti ndiyo yanayonisumbua, lakini unga ukishaumuka sharti uinuke. Mpe hongera Kaltuma kwa hao pacha.

Hukuniambia na mimi sikuulizi. Wewe ni kaka yangu mkubwa na adabu zangu ninazo. Lakini macho pia ninayo, kaka. Wewe mwili wako ni mwembamba kama ubua tangu udogo wetu, na kanzu zako kila mwaka zinazidi upana. Idi hii iliyopita nilikuona umesimama na upepo unavuma, nikasema moyoni, hapo kuna kitambaa cha watu wawili. Sasa naona na wewe umechoka kushona pana, na nashukuru Mungu.

Gari la nini kutafuta na mkweo Abdillahi ni dereva? Ana ile pikapu ya kazini, kila wiki yuko Mombasa. Kijana mpole, anakupenda kuliko babake. Mwambie, au nitamwambia mimi.

Nduguyo,
Tumu


Mambrui,
23 Agosti 1986

Tumu,

Salamu. Sote wazima.

Abdillahi hapana. Hapana, hapana, na nakuomba kwa haki ya mama aliyetuzaa usimtie katika jambo hili. Yule ni mkwe wangu! Nilimkabidhi binti yangu nikiwa nimevaa joho, nimekaa juu ya zulia, watu wananiita fundi, wananiita maalimu. Leo aje anishike kwapani nikitembea miguu nimeitanua kama mtoto aliyejikojolea? Halafu Idi ijayo aniinamie kunibusu mkono? Hataubusu, Tumu. Atakuwa anacheka moyoni, na akiwa na adabu sana ndipo nitaona haya zaidi.

Nami nitakwambia, kwa kuwa macho unayo. Kusujudu kumekuwa kazi. Naswali nimekaa pembeni na watu wanadhani ni mgongo. Cherehani ya miguu siwezi kuikanyaga zaidi ya kanzu moja bila kusimama nikajifanya natafuta mkasi. Nataka jambo hili liishe. Lakini liishe bila mtu.

Nitafutie mgeni. Mtu asiyenijua, nisiyemjua, tuachane mlangoni.

Faki


Kilifi,
6 Septemba 1986

Kaka Faki,

Shikamoo. Huku kumenyesha, kuni zimelowa, nimepiga chafya siku nzima juu ya mahamri ya watu.

Gari limepatikana. Dereva anaitwa Gona, Mgiriama wa huku kwetu, ana teksi yake, na mdomo wake ni mzito, ukimuuliza saa anafikiri kwanza. Atakuwa hospitali Jumatano tarehe kumi na saba, atakungoja. Nimeambiwa pia kwamba dereva hatoshi. Wanataka jamaa wa kiume aingie huko ndani wodini akutoe. Mimi mwanamke hawataniruhusu, na hata wakiniruhusu, wewe utakufa kwa haya kabla ya kisu. Basi jamaa nimempata pia. Usiulize nani. Ukiuliza hutakwenda, na sitaki kusikia tena unaswali pembeni.

Mkivuka feri, mimi nitakuwa upande huu na chupa ya uji wa moto. Simameni unywe.

Tumu


Mambrui,
25 Septemba 1986

Ndugu yangu Tumu,

Salamu nyingi. Nimepasuliwa, nimerudi, kidonda kinakauka vizuri, alhamdulillahi. Nyuzi wamenishona ovyo, mimi ningeshona vizuri zaidi, lakini kazi imekwisha. Safari ilikuwa salama. Mshukuru Gona.

Kaltuma anakusalimu. Wale pacha wanakula kamba za nguo.

Faki


Kilifi,
2 Oktoba 1986

Kaka,

Shikamoo.

"Safari ilikuwa salama." Basi? Nilisimama na uji wangu pale feri upande wa Kilifi, gari likapanda likanipita. Gona alitaka kusimama, nilimwona akipunguza. Wewe ulikuwa umejifunika gazeti usoni! Abdillahi ndiye aliyenipungia mkono. Ndiyo, nilimtuma mimi, na sikuombi radhi.

Uji niliunywa mwenyewe, hilo limepita. Lakini tangu siku ile kila anayekuja kunywa chai ananiambia, "Pole Bi Tumu kwa mkwe wenu, kijana vile kupatwa na busha." Nauliza mkwe gani? Wanasema Abdillahi, alisema mwenyewe pale Mnarani, mbele ya basi zima la Malindi. Nimewatazama kama mjinga. Mimi najua nani alikwenda kupasuliwa, maana gari nilitafuta mimi.

Kaka Faki, pale Mnarani kulitokea nini? Nijibu.

Tumu


Mambrui,
19 Oktoba 1986

Ndugu yangu Tumu,

Salamu. Barua yako ilifika zamani. Nimeiweka chini ya cherehani nikawa naisikia kila nikikanyaga. Usiseme ilichelewa posta, ni mimi niliyechelewa.

Nilipofumbua macho pale wodini nikamwona Abdillahi amesimama na viatu vyangu mkononi. Sikumwambia ahsante. Nilimwambia, "Nani amekuita?" Akasema, "Shikamoo, baba," akainama akanivisha viatu. Kutoka pale mpaka Mnarani nilitazama dirishani.

Unajua feri ilivyo. Gari linapofika, abiria wote chini, mtembee kwa miguu mteremko ule, gari lipande na dereva peke yake. Jambo hili sikuwa nimelifikiria! Nimefikiria hospitali, nimefikiria gari, nimefikiria mlango wa nyumba yangu, feri nimeisahau, mtu niliyezaliwa pwani hii. Nyuma yetu kulikuwa na basi la Malindi limeshusha watu, na mbele yao nani? Kombe, yule muuza samaki, ambaye anakaa kwenye baraza ya duka langu asubuhi na jioni, na akijua neno wewe hesabu Mambrui nzima imejua. Karani wa feri akaja dirishani. "Teremkeni!" Gona akafikiri, kisha akasema kuna mgonjwa. Karani akacheka. "Kila gari siku hizi lina mgonjwa. Mgonjwa nani, na anaumwa nini?"

Nikashika kitasa cha mlango, Tumu. Nilitazama ule mteremko nikajua nikishuka kila mtu atajua kwa mwendo wangu. Nisiposhuka ni lazima niseme. Abdillahi akatoa kichwa nje akasema kwa sauti kubwa, "Mgonjwa ni mimi. Nimepasuliwa busha leo. Huyu mzee wangu ndiye wa kunishika, msimteremshe."

Watu walicheka, we! Wanawake walijificha nyuso kwa buibui lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Kombe akaja mpaka dirishani, akatia mkono, "Pole Abdillahi, kijana hivyo?" Kisha akanigeukia mimi. "Pole kwa mkweo, fundi."

Nikasema, "Tumeshapoa."

Ndiyo maneno yangu niliyosema. Kisha nikajifunika gazeti. Nilimwambia Gona apite moja kwa moja, nisingeweza kukutazama. Na tulipofika kwangu, Abdillahi alishuka kwanza, akaniwekea mkono begani, akatanua miguu, tukaingia polepole. Jirani wote waliona mimi namkokota mkwe wangu mgonjwa. Kumbe uzito wangu wote ulikuwa kwake.

Siku zile watu walikuja kunipa pole kwa ajili yake. Wameleta maziwa, wameleta ndizi. Nimekula, Tumu.

Juma lililopita alikuja nimpime kanzu ya Maulidi. Baraza imejaa. Kombe akasema, "Fundi, huyo mpimie pana!" Wakaangua kicheko. Abdillahi akatazama chini. Mimi nilikuwa na utepe mkononi, nimeuzungusha kiunoni mwake, nasikia anavyopumua. Nikaandika kipimo. Na nilitabasamu, kidogo, kama watu. Nakuandikia hilo kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Kaltuma alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote, na tangu siku ile ananiwekea chakula bila kunikaribisha.

Labda yatapita. Watu husahau.

Faki


Kilifi,
24 Oktoba 1986

Kaka,

Shikamoo, maana wewe ni mkubwa wangu hata ukifanya hivi.

Hayatapita. Nilikwenda Marereni Jumapili kumtazama Shekha. Bomba lilikuwa na wanawake wengi, na yeye ndoo yake iko nyumbani, anangoja waondoke ndipo aende kuteka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna, shangazi." Jirani yake ndiye aliyeniambia. Wanasema, haya, sasa tumejua kwa nini miaka miwili imepita Shekha hana mtoto. Mamake Abdillahi naye amekuja juu, anataka kujua kwa nini mwanawe alimficha, na anauliza ni mchawi gani. Kule kazini wamempa jina, sitaliandika.

Nikamwambia Abdillahi, mwanangu, sema kweli basi. Unajua alinijibu nini? "Shangazi, mzee ana haya. Mimi bado kijana, nitazoea."

Sasa Shekha hajui. Anajua mumewe hana busha, ila hajui kwa nini alijitangaza hivyo pale Mnarani, na hamsemeshi. Abdillahi hata kwa mkewe amekufichia wewe! Umekula maziwa ya pole ya mtu asiyeumwa, na binti yako anateka maji kwa kujificha.

Nimemaliza. Usinijibu mpaka uwe na la kusema.

Tumu


Mambrui,
18 Novemba 1986

Ndugu yangu Tumu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Kaltuma, ambaye leo amenikaribisha chakula. Maulidi yamekwisha salama, wageni wameondoka, na wale pacha wa mbuzi wamekula sehemu ya joho la watu, nitalipa kwa kulirekebisha. Sote hatujambo.

Barua yako sikuijibu kama ulivyotaka. Niliisoma, nikawasha taa nikaisoma tena, nikalala na viatu.

Siku moja kabla ya Maulidi watu wanakuja kuchukua kanzu zao. Baraza haina pa kuweka mguu, kahawa inapita. Abdillahi akaja kuchukua yake. Nilikuwa nimeishona kwa mkono kola yote, kazi ambayo siku hizi simfanyii mtu. Akaivaa, ikamkaa sawasawa. Kombe akasema, "Imemtosha kweli? Fundi, umesahau kuacha nafasi!" Wakaanza kucheka.

Nikainuka. Niliinuka vizuri, Tumu, bila kushika meza, na hilo lenyewe lilinitia haya, kwamba mwili wangu umepona na mtu mwingine ndiye anayeumwa. Kwenye msumari ilikuwepo ile kanzu yangu ya Idi uliyoicheka. Nikaitungua, nikaitandaza mbele yao kwa mikono miwili, ikajaa mlango. Nikasema, "Nafasi ni hii hapa. Hii ni yangu. Aliyepasuliwa busha ni mimi, Faki Abdalla, na siku ile pale Mnarani aliyekuwa mgonjwa ni mimi. Huyu hana ugonjwa wowote. Alinisitiri, nami nikamwacha."

Nilidhani watacheka paa liruke. Hakucheka mtu. Muuza kahawa alishika buli hewani. Abdillahi akasema polepole, "Baba, haikuwa lazima." Nikamwambia ilikuwa lazima, nikamwambia avue asiichafue, aende akamchukue mkewe aje naye ale kwetu. Nikakaa kwenye cherehani nikakanyaga bila kitambaa.

Shekha alikuja jioni. Alinibusu mkono na hakunitazama usoni, na mimi sikustahili kutazamwa. Lakini nilimsikia jikoni na mumewe, wananong'ona, kisha yeye akacheka. Na asubuhi Abdillahi alipoinama kuaga nilimshika kichwa nikashindwa kukiachia. Nilimwambia neno ambalo ilikuwa nimwambie pale wodini alipokuwa na viatu vyangu. Akajibu, "Si kitu, baba," na machozi yalimtoka, yakanitoka na mimi. Wakati ule haya niliiona lakini sikujificha.

Mamake pia nimekwenda kumwona. Alinisema mbele ya watu, mlango wazi, na nilikaa nikasikiliza mpaka akachoka.

Sasa nina haja nawe tena. Siku ya pili ya Maulidi, wakati watu wamekwenda kuswali, mtu mmoja alikuja dukani na kanzu ya kutiwa kifungo. Nikaitazama, vifungo vyote vipo. Akakaa. Akatazama nje. Akaniambia samaki wamepanda bei, nikasema nimesikia. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kumsikia nayo maisha yangu yote, "Fundi, hiyo sindano ya ganzi... inauma?"

Jina lake sitakutajia, hata uniapize. Ana mke, ana wakwe, ana watu wanaomcheka tayari kwa mengine. Anaogopa kuliko nilivyoogopa mimi.

Basi mwambie Gona aje Jumatano tarehe tatu Disemba. Jamaa wa kuingia wodini nitakuwa mimi, na viatu vyake nitavishika mimi. Safari hii tutasimama kwako, weka uji wa watu watatu. Na pale Mnarani, karani akitia kichwa dirishani kuuliza mgonjwa ni nani, Tumu, mgonjwa atakuwa mimi.

Kaka yako,
Faki